Kuchagua kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa ajili ya nyumbani: mwongozo kwa mnunuzi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Nyumba inayotaka kompyuta ya kuandikia barua na ripoti, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, kuingia Ajira Portal, kupiga mahesabu ya duka kwenye Excel, kusomea mitihani iliyopita na kuangalia muvi jioni haihitaji kompyuta mpya. Inahitaji kompyuta ya ofisini ya mtumba, ya kizazi sahihi, iliyokaguliwa vizuri kabla pesa haijatoka mfukoni. Mashine hizi zilitengenezwa kuwaka siku nzima, kila siku ya kazi, kwa miaka. Makampuni ya nje huziuza kwa jumla zikishachakaa kwenye vitabu vyao vya hesabu, siyo kwenye utendaji, na ndizo zinazoshuka Kariakoo na kupanda hadi Mwanjelwa, Miyomboni na Makambako. Majina utakayoyakuta zaidi ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre.

Boksi "jipya" la bei ya chini lenye taa za rangi liangalie kwa makini. Mara nyingi kilicho kipya ni bati na taa tu. Ndani mna mazabodi (ubao mkuu) ya bei rahisi ya aina ya H61 na prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyotoka mwaka 2011 au 2012. Kwa pesa hiyohiyo OptiPlex yenye mikwaruzo itakufaa zaidi na kwa muda mrefu.

Hatua ya 1: Gawa pesa kabla hujaingia dukani

Bei hupanda na kushuka kwa kufuata dola na kontena lililoingia, kwa hiyo panga kwa mafungu. Igawe bajeti yote mafungu manne. Mawili ni ya boksi lenyewe. Moja ni la monita, kibodi na mausi. La nne ni la UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika), kifaa cha wifi na nyaya. Hili la nne ndilo watu hulila: wanaiona i7 (prosesa ya ngazi ya juu) inawaka pale mezani, wanaiongezea pesa ya UPS, halafu Desemba umeme unarudi kwa kishindo na i7 haiwaki tena. Pesa isipotosha, shusha prosesa ngazi moja. UPS usiiguse.

Uliza bei maduka matatu siku hiyohiyo, na swali liwe na maneno yote: "Boksi tupu la OptiPlex 3060, i5, RAM 8, SSD 256, bila monita, bei gani, na waranti ya muda gani?" RAM ni kumbukumbu ya kazi ya muda, SSD ni diski ya kasi isiyozunguka. Ukiuliza "desktop mnauzaje?" kila duka litakujibu kuhusu kitu tofauti na hutaweza kulinganisha.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. i3, i5 na i7 ni ngazi ndani ya kizazi kimoja tu. Kizazi chenyewe unakisoma kwenye namba inayofuata. i5-4590 ni kizazi cha 4. i5-8500 ni cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, chukua mbili za mwanzo: i5-10500 ni kizazi cha 10. Ikiwa na tarakimu tatu tu, kama i5-650, hicho ni kizazi cha kwanza kabisa, iache ilipo. Core 2 Duo ni ya zamani kuliko hiyo, na kwa kazi za leo za mtandaoni hata ukipewa bure itakusumbua.

Tofauti ya kizazi ni kubwa kuliko tofauti ya ngazi. Core i7-2600 ya mwaka 2011 inazidiwa na Core i3-8100 ya kizazi cha 8 kwenye kazi zote za nyumbani, na i7 hiyo inakula umeme zaidi. Ila dukani, kibandiko cha i7 bado kinapandisha bei. Muuzaji akianza na "hii ni i7 mzee, mashine ya kazi," jibu lako liwe "kizazi cha ngapi?"

Mstari wa kuchora ni kizazi cha 8, na sababu yake ni Windows. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ukiwa upande wa Ryzen, prosesa za kampuni ya AMD, tafuta zinazoanzia 3000. Mashine zinazovuka mstari huo na zinazopatikana ni OptiPlex 3060, 5060 na 7060. EliteDesk 800 G4 na ProDesk 600 G4. ThinkCentre M720 na M920. Ziandike kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Kwa familia ya kawaida i3-8100 inatosha, ina kore (sehemu za kufanyia kazi) nne. i5-8500 ina kore sita, na ndiyo ya kuchukua kama tofauti ya bei si kubwa.

Pesa isipofika huko, shuka hadi kizazi cha 7 au cha 6 (OptiPlex 3050 au 3040, EliteDesk 800 G3 au G2) na uweke Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na toleo lake la 22 lina masasisho hadi 2029. Kati ya hivyo viwili pendelea cha 7, kwa sababu ya video. Kuanzia kizazi cha 7, sehemu ya picha ndani ya prosesa inazifungua yenyewe video za YouTube za mfumo wa VP9 na muvi za mfumo wa HEVC za aina zote za kawaida. Muvi nyingi unazojaziwa kwenye flashi vibandani zimebanwa kwa HEVC ili ziwe ndogo. Kwenye kizazi cha 4 kazi yote inamwangukia prosesa, feni inapiga kelele na picha inakwamakwama huku sauti ikitangulia. Kizazi cha 4 (OptiPlex 3020, 7020 na 9020 za miaka ya 2013 na 2014, EliteDesk 800 G1) kichukue tu kama kazi ni kuandika na kuchapa, na bei iko chini kabisa.

Usidanganyike kwa kuikuta Windows 11 tayari iko kwenye kioo. Mafundi wengi wanajua kuruka ukaguzi wake na kuiweka hata kwenye kizazi cha 4. Itawaka, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hiyo, na siku moja sasisho kubwa litagoma.

Herufi ya mwisho nayo ina maana yake. T, kama i5-8500T, ni prosesa ya umeme mdogo, nzuri kwa anayetumia sola. F ni prosesa isiyo na sehemu ya picha. Bila kadi ya picha monita itabaki nyeusi.

Hatua ya 3: RAM na diski

RAM iwe GB 8. GB 4 inaiwasha Windows 11, lakini ukifungua Chrome kurasa sita na Excel juu yake kila kitu kinaanza kusinzia. GB 16 ni anasa kwa nyumba isiyohariri video. Vijiti viwili vya GB 4 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 8, kwa kuwa sehemu ya picha inaazima RAM na vijiti viwili vinaipa njia mbili. Lakini kama mazabodi ina nafasi mbili tu, kijiti kimoja cha 8 kinakuachia nafasi ya kuongeza baadaye. Kizazi cha 4 kinatumia DDR3, cha 8 kinatumia DDR4, na pengo la katikati ya kijiti haliko mahali pamoja: haziingiliani hata kwa kulazimisha. RAM za seva huuzwa rahisi sana sokoni, na nyingi hazitawasha kompyuta ya kawaida.

Diski iwe SSD, hapa hakuna mjadala. Mashine ya kizazi cha 8 yenye diski ya kuzunguka (HDD) itachukua dakika mbili au zaidi kuwa tayari, wakati ya kizazi cha 4 yenye SSD ina chini ya nusu dakika. Muuzaji akikupa kuchagua kati ya "HDD ya terabaiti moja" na "SSD ya 256", chukua SSD, halafu muvi na picha ziweke kwenye HDD ya pili ya GB 500 ndani ya boksi hilohilo; maboksi mengi yana nafasi yake. Ukiiona SSD ya 256 inaonyesha 238 ndani ya Windows hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hatua ya 4: Umbo la boksi

Kuna maumbo matatu. Kubwa la kusimama, bapa la kulala mezani ambalo mafundi huliita SFF, na dogo kama kitabu: Micro kwa Dell, Mini kwa HP, Tiny kwa Lenovo. Kubwa ndilo rahisi kutengeneza. SFF ndilo limejaa madukani na ndilo la bei nzuri, ila lijue udhaifu wake: pawa saplai yake ina umbo lake na plagi zake. Ikiungua, ile ya kawaida inayouzwa kila duka haiingii. Kabla ya kununua muulize fundi wako kama pawa saplai ya modeli hiyo inapatikana Mbeya au hadi iagizwe Dar.

Dogo kabisa linatumia adapta ya nje kama laptop, nyingi zikiwa za wati 65, na RAM za laptop. Kwa nyumba ya sola kule Mbarali au Rungwe vijijini, hilo ndilo la kununua: pamoja na monita ya inchi 22 ya LED, kwa kazi za kawaida unacheza kwenye wati 40 hadi 50. Hakikisha adapta ni ya asili. Dell ikiwekewa adapta isiyoitambua inatoa onyo inapowaka na kujipunguzia kasi makusudi, na mwenye nayo hubaki akilaumu Windows.

Hatua ya 5: Monita na nyaya

Inchi 22 zenye uwazi wa picha (resolution) wa 1920 kwa 1080 zinatosha. Zile za mraba za inchi 17 na 19 ni rahisi na hudumu, lakini kurasa za siku hizi zinabanwa pembeni. Iwashe monita ikiwa nyeupe yote, kisha nyeusi yote: kwenye nyeupe utaona madoa na mistari, kwenye nyeusi utaona nukta zilizoganda na mwanga unaovuja kwenye kona. Iache dakika kumi. Taa ya nyuma iliyochoka huanza kucheza ikishapata moto.

Geuza boksi uangalie matundu ya picha. Mashine nyingi za ofisini zina DisplayPort, tundu lenye kona moja iliyokatwa, na monita nyingi za mtumba zina VGA ya bluu. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda VGA inapatikana. Ijaribu palepale dukani na uidai ndani ya bei. Nyaya za umeme ziwe za plagi ya pini tatu za mraba. Zikija za Ulaya zenye pini mbili za mviringo, dai zibadilishwe; adapta za plagi zinazolegea ndizo zinazounguza soketi.

Hatua ya 6: Ukaguzi dukani

Tenga saa nzima. Beba flashi yenye programu ya kupima afya ya diski ya CrystalDiskInfo, ile isiyohitaji kusakinishwa, spika za masikioni zenye waya, na simu yenye tochi. Muuzaji asiyetaka ukague amekwisha kukujibu.

Anza ikiwa imezimwa. Soma modeli kwenye kibandiko cha kiwanda, siyo kwenye karatasi ya duka. Dell wana namba ya herufi na tarakimu saba iitwayo Service Tag. Iandike kwenye tovuti ya huduma ya Dell, itakuambia modeli na mashine ilisafirishwa lini kutoka kiwandani. Kisha omba kifuniko kifunguliwe. Nusa: harufu ya kuungua haifichiki. Mulika tochi kwenye mazabodi, uangalie vile vimkebe vya kuhifadhi chaji. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa kama kifuniko cha kopo. Kikiwa kimevimba, au pembeni kuna utomvu wa kahawia uliokauka, achana na mashine hiyo hata kama inawaka vizuri. Leo inawaka, mvua zikianza itakuwa inajizima yenyewe.

Angalia nyuma kwenye pawa saplai. Za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kiwe 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115, ukichomeka tu, pawa saplai inapasuka. Baadhi ya OptiPlex zina kitufe kidogo pembeni ya tundu la umeme: kibonyeze ukiwa umechomeka waya, taa ya kijani ikiwaka pawa saplai ni nzima.

Sasa iwashe, na utege sikio. Feni inapaa sekunde mbili tatu kisha inatulia. Ikibaki inanguruma, kuna vumbi limeziba, pesti ya kupitishia joto la prosesa imekauka, au kihisi cha joto kimekufa. Mlio wa kurudiarudia na taa nyekundu au ya chungwa kwenye kitufe mara nyingi ni RAM iliyolegea. Zima, ikandamizwe vizuri, jaribu tena.

Ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza mara tu inapowaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Soma jina la prosesa na kiasi cha RAM humo, maana kibandiko cha i5 kinanunuliwa na kubandikwa popote. Angalia mambo mawili zaidi. La kwanza ni tarehe. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ya mazabodi imekwisha. Ni CR2032, ya bei ndogo, lakini isipobadilishwa utapambana na kurasa zinazokataa kufunguka kwa madai kuwa muunganisho si salama. La pili ni nenosiri. BIOS ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, usinunue. Kwenye sehemu ya usalama, ukiona huduma ya kufuatilia mashine ya Computrace au Absolute imewashwa, usinunue pia: mwenye mashine wa kwanza bado anaweza kuifunga.

Ndani ya Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye utendaji (Performance), uthibitishe prosesa, RAM na aina ya diski. Chomeka flashi, fungua CrystalDiskInfo. Rangi ya bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni kifo. Kwa diski ya kuzunguka soma mistari ya 05, C5 na C6: ile thamani ghafi ikiwa si sifuri, diski imeanza kuoza. Soma na saa ilizowaka. 8,760 ni mwaka mzima bila kuzima. Saa 20,000 kwa mashine ya ofisini si ajabu, ila kwa diski ya kuzunguka ni sababu ya kuomba punguzo.

Ihamishe flashi hiyohiyo tundu moja hadi jingine, yote, mbele na nyuma. Chomeka spika za masikioni. Kisha weka video ya uwazi wa 1080, fungua kurasa nne tano, uiache dakika ishirini na mkono ukiwa nyuma panapotoka hewa. Uvuguvugu ni sawa. Ikijizima au ikijiwasha upya, ondoka. Kama muda upo, endesha kipimo cha kiwanda: Dell bonyeza F12 wakati wa kuwaka uchague uchunguzi (Diagnostics), HP bonyeza F2.

Kuna tatizo moja lisiloonekana siku hiyo. Mashine iliyosajiliwa kwenye mfumo wa kampuni, siku ukiisafisha na kuiunganisha na intaneti, inaweza kukukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya nje na kudai barua pepe yao. Njia ya uhakika ni Windows isakinishwe upya mbele yako huku intaneti ikiwa imeunganishwa. Ikishindikana, iandikwe kwenye waranti kuwa mashine ikidai akaunti ya kampuni inarudi dukani. Chukua risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe kwenye karatasi ya mauzo; waranti isiyo na namba haimfungi mtu.

Hatua ya 7: Ukiagiza kutoka Dar

Kati ya Dar na Mbeya kuna zaidi ya kilomita 800, na Kitonga iko katikati. Boksi likisafiri kwenye buti la basi bila sponji, RAM hulegea na diski ya kuzunguka hupata mtikisiko. Omba video ya mashine ikiwaka inayoonyesha BIOS na namba ya mashine kabla ya kutuma pesa. Omba HDD ifungwe peke yake, na monita iwekewe kadibodi ngumu mbele ya kioo.

Mzigo ukifika alfajiri stendi ukiwa wa baridi, hasa Njombe au Makete mwezi Juni na Julai, usiufungue kwenye chumba chenye jiko na chai inachemka ukawasha papo hapo. Hewa ya moto ikigusa bati baridi inatoa umande. Iache saa mbili tatu ndani ya boksi lake. Kisha fungua kifuniko, chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha ukikandamiza pande zote mbili hadi vishikizo vilie. Wengi wanaodhani wametumiwa mashine mbovu tatizo lao linaishia hapo.

Hatua ya 8: Umeme

Baridi ya Nyanda za Juu Kusini haiidhuru kompyuta, inaisaidia. Kinachoua mashine huku ni umeme unaokatika na kurudi, na radi za msimu wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili.

Nunua UPS ya 650VA. Boksi la ofisini na monita vinakula wati 60 hadi 80 kwa kazi za kawaida, kwa hiyo betri mpya itakupa kama dakika 10 hadi 20, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Ndani yake mna betri ya 12V 7Ah inayobadilishwa baada ya miaka miwili au mitatu; usitupe UPS nzima. Chaji usiku kucha kabla ya kuitumia, kisha ijaribu: kompyuta ikiwa inawaka na haina kazi muhimu, chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizima palepale, ama betri ni mbovu au pawa saplai haipatani na umeme wa UPS hiyo, jambo linalotokea kwa UPS za bei ya chini. Irudishe siku hiyohiyo. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Ukigusa bati la boksi ukahisi mitetemo kama sisimizi wanatembea kidoleni, soketi yako haina athi. Nyumba nyingi zina soketi za pini tatu huku ule waya wa kijani na njano haujafika ardhini. Mwite fundi umeme akague waya na fimbo ya athi. Bila hiyo hata kizuia mkupuo wa umeme hakina pa kuupeleka.

Radi ikianza kuunguruma milimani, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa na waya wa mtandao kama unao, maana nao ni njia. Pasi, birika na hita visikae kwenye ekstensheni moja na kompyuta.

Kuhusu LUKU: wati 60 kwa saa nne kila siku ni kama yuniti 7 kwa mwezi. Aliye kwenye bei ya matumizi madogo yenye kikomo cha yuniti 75 azihesabu kabla ya kununua.

Hatua ya 9: Intaneti

Maboksi mengi ya ofisini hayana wifi. Nunua kifaa kidogo cha USB, au chomeka simu kwa waya wa kuchajia na uwashe kushiriki intaneti kwa USB (USB tethering), njia ambayo haihitaji kununua chochote na ina kasi nzuri. Kwa vyovyote, kabla ya kitu kingine ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kuwa muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo (metered connection). Usipofanya hivyo, masasisho yanaweza kumaliza kifurushi cha wiki ukiwa bado unatafuta kibodi imekaaje. Masasisho yenyewe yafanye, ila kwa siku uliyopanga na bando la kutosha.

Hatua ya 10: Siku ya kwanza nyumbani

Mashine za ofisini zilizouzwa na Windows 10 au 11 zina ufunguo wake ndani ya mazabodi. Ukisakinisha upya toleo lilelile kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa na zana ya Microsoft yenyewe, inajihalalisha ikishapata intaneti. Hakuna haja ya zile programu za kuvunja ufunguo. Nyingi huzima kinga ya virusi ili zifanye kazi, na mlango huo huachwa wazi. Kwa kuandika na mahesabu, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel.

Weka akaunti mbili: moja ya msimamizi, yenye nenosiri linalojulikana na mzazi, na nyingine ya kawaida kwa watoto. Flashi zinazotoka stesheni za kuchapa na vibanda vya muvi ndizo zinazoleta virusi. Akaunti ya kawaida inavipunguzia nafasi ya kujisakinisha.

Boksi lisikae sakafuni wala karibu na jiko la mkaa. Jivu la mkaa ni jepesi, feni inalivuta na kulikandika kwenye mapezi ya prosesa. Kila baada ya miezi sita chomoa waya wote, fungua kifuniko nje barazani, na utoe vumbi kwa brashi laini na bloa ya hewa baridi, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kasi na upepo bearingi zake zinaumia. Pesti ya prosesa ibadilishwe mara moja unapoinunua mashine, kiasi cha punje ya njegere katikati, na baada ya hapo kila miaka mitatu.